Wanaokula gizani

*Rufiji na Kibiti zimezoea kupima njaa. Kinachopita bila kupimwa ni hofu inayomfanya mtu ashindwe kula mbele za wenzake, kisha ale kupita kiasi akiwa peke yake.*

Utepe wa kupimia mkono una rangi tatu. Mhudumu wa afya anauzungusha kwenye mkono wa mtoto, kati ya bega na kiwiko, kisha anasoma. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto ana utapiamlo mkali. Kati ya hapo na 12.5 ni njano. Kuzidi hapo ni kijani, na mama anaambiwa aende salama. Ni kifaa rahisi kilichookoa watoto wengi barani Afrika, na katika delta ya Rufiji, ambako maji yakijaa huondoka na mpunga wa shamba zima, hakuna haja ya kueleza thamani yake. Lakini utepe huo, pamoja na mizani na kadi ya kliniki, hupima chakula kilichokwisha kuwa mwili. Haupimi safari ya tonge kutoka kwenye sinia hadi mdomoni, wala yanayompata mtu katika safari hiyo fupi.

Tuchukue mfano wa msichana wa kidato cha pili katika kata ya Umwe, pale Ikwiriri wilayani Rufiji. Si mtu mmoja maalumu. Ni picha inayotokana na dalili ambazo matabibu wa nchi nyingi wameziandika. Asubuhi anatoka nyumbani bila chai, akisema hana njaa. Mchana wenzake wakipanga foleni ya makande, yeye anabaki darasani, kwa kuwa akishika kijiko mkono unatetemeka, koo linabana, na anahisi kila jicho limetua mdomoni mwake. Jioni familia ikikaa kwenye sinia, anamega matonge mawili matatu na kunawa. Usiku watu wakilala anaingia jikoni, anafunua sufuria na kumaliza kiporo chote kwa haraka, bila kusikia ladha, kisha anarudi kitandani akijichukia. Kesho yake anaanza upya kwa kujinyima. Uzito wake ni wa kawaida. Mizani itasema ni mzima.

Hoja ya makala haya ni kwamba msichana huyo anaumwa, na kwamba ugonjwa wake haupo kwenye tumbo wala kwenye tamaa ya wembamba. Upo katika hofu ya kutazamwa na kuhukumiwa, na katika namna alivyojifunza kuzimudu hisia zake kwa kuzifukia. Chakula ni mahali tu ambapo hofu hiyo imepata kazi ya kufanya. Maadamu tunautafuta ulaji uliovurugika kwa kuangalia nani amekonda na nani anataka kufanana na wanamitindo wa Ulaya, tutaendelea kuamini kwamba huko Umwe ugonjwa huo haupo.

Wilaya iliyofundisha kuhesabu

Inafaa suala hili lianzie Rufiji, kwa sababu Rufiji ina historia isiyo ya kawaida katika afya ya jamii. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya kwa kushirikiana na shirika la IDRC la Kanada iliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Kibiti wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Rufiji. Mwaka 1998 ukaanza mfumo wa kufuatilia watu, ambao baadaye umekuwa chini ya Taasisi ya Afya Ifakara: wahojaji wakipita nyumba kwa nyumba, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa. Palipotokea msiba, waliwauliza wafiwa dalili alizokuwa nazo marehemu ili kukisia kilichomuua. Viongozi wa afya wa wilaya walipoyalinganisha matokeo na bajeti zao waliona fedha haziendi yaliko maradhi. Malaria na magonjwa ya watoto yaliua wengi, na mafungu yake yalikuwa madogo. Bajeti ikapangwa upya, kwa nyongeza ndogo tu ya fedha, na katika miaka mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Mafanikio hayo yanastahili heshima yake yote. Lakini njia iliyoyaleta ilianza na kifo na kurudi nyuma kutafuta sababu, na maradhi ambayo hayamfikishi mtu kaburini upesi hayaonekani kwa njia hiyo. Anoreksia, ile hali ya mtu kujinyima chakula hadi mwili unyong'onyee, ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi duniani. Hata hivyo wengi wenye ulaji uliovurugika hawafiki huko. Wanaishi na vidonda vya tumbo, kizunguzungu, hedhi isiyo na mpangilio, meno yaliyoharibiwa na matapishi, masomo yaliyoshuka. Kila dalili hupelekwa zahanati peke yake na kupewa dawa yake, na chanzo kinabaki nyumbani. Hakuna fungu la bajeti kwa kitu ambacho fomu haikukiuliza.

> *Kila dalili hupelekwa zahanati peke yake na kupewa dawa yake, na chanzo kinabaki nyumbani.*

Hofu inavyoingia kwenye chakula

Uhusiano kati ya hofu ya watu na ulaji si dhana tu. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani uliotolewa mwaka 2013, unapoeleza hofu ya kijamii iliyofikia kuwa ugonjwa, unataja waziwazi kula na kunywa huku mtu akitazamwa kuwa miongoni mwa mambo yanayoogopwa. Mwaka 2004 Walter Kaye na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 672 wenye anoreksia au bulimia, ugonjwa wa kula kwa pupa na kisha kujitapisha. Takribani theluthi mbili walikuwa wamepata angalau aina moja ya ugonjwa wa wasiwasi katika maisha yao, na mmoja kati ya watano alikuwa na hofu ya kijamii. Mpangilio wa matukio una uzito zaidi ya idadi: kwa wengi wao wasiwasi ulianza utotoni, kabla ya chakula kuwa tatizo. Utangulizi huo hauthibitishi kwamba wasiwasi ndio uliosababisha yaliyofuata, lakini unaifanya hoja ya kinyume, kwamba watu hawa waliogopa wenzao kwa sababu tu walikuwa na aibu ya ulaji wao, iwe ngumu kuishikilia.

Ili kuelewa jinsi hofu inavyogeuka kuwa sufuria tupu usiku wa manane, lazima tutazame kile ambacho mtu hufanya na hisia inapomjia. Mwanasaikolojia James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford amezitofautisha njia mbili. Ya kwanza ni kulitazama upya jambo lenyewe kabla hisia haijakomaa: huyu anayenitazama huenda anafikiria shida zake, wala si mimi. Ya pili ni kuiacha hisia ikue ndani na kuzuia tu isionekane usoni. Njia ya pili humwokoa mtu mbele za watu, lakini ndani moyo unaendelea kwenda mbio. Mwaka 2010 Amelia Aldao na wenzake walikusanya tafiti 114 zilizochunguza njia hizi na magonjwa ya wasiwasi, sonona, ulaji na ulevi. Waliozoea kurudiarudia mawazo mabaya kichwani, kukwepa na kuzificha hisia ndio walioelemewa zaidi na dalili.

Sasa weka chakula katikati. Mtu mwenye hofu anapoona watu, mwili wake hujiandaa kana kwamba kuna hatari, na mwili ulio hatarini hauna nafasi ya kusaga chakula: mate hukauka, tumbo hukaza, hamu hukatika. Kwa hiyo kutokula mbele za watu si ukaidi wala maringo. Ni afueni. Amekwepa, na hofu imeshuka papo hapo, na ubongo umejifunza kwamba kukwepa kunafaa. Lakini njaa haikwepeki. Kufikia usiku mwili unadai, na pamoja na madai yake umebeba hisia za siku nzima ambazo hazikusemwa kwa mtu yeyote. Todd Heatherton na Roy Baumeister waliandika mwaka 1991 kwamba kula kwa pupa ni njia ya kukimbia nafsi. Kwa dakika chache akili hubanwa kwenye kitu kilicho mdomoni, na ile sauti inayojihukumu hunyamaza. Sauti hiyo hurudi ikiwa na shitaka jipya. Aliyeogopa kuonekana sasa ana jambo la kweli la kuficha, na kesho atawaogopa watu zaidi ya jana.

Je, ni ugonjwa wa Wazungu?

Pingamizi la kwanza linajulikana na lina nguvu. Anoreksia ilipewa jina na daktari William Gull jijini London mwaka 1873, mwaka uleule Charles Lasègue alipoieleza Paris, na kwa karne nzima ilihesabiwa kuwa maradhi ya mabinti wa nyumba zilizoshiba. Ushahidi wa karibu nasi ulionekana kuunga mkono. Mwaka 2004 Daktari Frank Njenga na mwenzake, baada ya kuwauliza wataalamu wa magonjwa ya akili wa Kenya, waliandika kwamba wagonjwa wa anoreksia waliowahi kuonekana nchini humo walikuwa wachache mno. Kwa nini basi tuwabebeshe watu wa Rufiji jina la ugonjwa usio wao?

Jibu ni kwamba inategemea ulikwenda kutafuta nini. Mwaka huohuo wa 2004, Dinah Bennett na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanafunzi wa kike 668 wa sekondari kaskazini mashariki mwa Ghana. Waliwapata 10 ambao wembamba wao uliopindukia haukuwa na sababu nyingine ila kujinyima wenyewe. Wasichana hao hawakuogopa unene, wala hawakuvutiwa na miili ya kwenye magazeti. Walieleza kujinyima kwa lugha ya dini na ya kujitawala: kuishinda njaa kuliwapa hisia ya usafi na nguvu. Aliyekwenda pale na maswali ya kilo na mapaja angeondoka akisema hakuna mgonjwa.

Oman, ambako maelfu ya familia zenye asili ya Zanzibar bado huzungumza Kiswahili, inatoa somo jingine. Samir Al-Adawi wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba takribani theluthi moja ya vijana wa Kiomani waliopimwa kwa dodoso walikuwa na mwelekeo wa ulaji wa kianoreksia, na wavulana waliwazidi wasichana kidogo. Dodoso si hukumu ya daktari, na idadi hiyo isichukuliwe kuwa ya wagonjwa. Lakini inatosha kuvunja imani kwamba hili ni jambo la mabinti wa Ulaya peke yao. Tanzania yenyewe haikuachwa nje: mwaka 2007 Kamryn Eddy na wenzake waliripoti juu ya wanawake na wasichana zaidi ya 200 wa nchi hii, wakakuta dalili za ulaji uliovurugika, nyingi zaidi kwa waliokuwa karibu na vyombo vya habari na maisha ya kimagharibi.

Matokeo hayo ya 2007 yanaweza kusomwa kuwa yanapingana na hoja yangu, yaani kwamba picha za kigeni ndizo zenye lawama. Kisa kinachotajwa zaidi ni cha Fiji, ambako Anne Becker aliwapima wasichana wa shule wa Nadroga mwaka 1995, televisheni ilipokuwa ndiyo kwanza imefika, na tena mwaka 1998. Waliopata alama za hatari kwenye dodoso walipanda kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2, na waliojitapisha ili kupunguza uzito kutoka sifuri hadi asilimia 11.3. Siwezi kuipuuza nguvu ya picha. Nauliza tu picha hizo hufanya kazi kwa kupitia nini. Televisheni ya Nadroga haikuingiza njaa mwilini mwa mtu. Iliingiza kipimo kipya cha kuhukumiwa. Na simu ya mkononi, ambayo leo imefika hata kwenye visiwa vya delta, imeongeza kitu ambacho televisheni haikuwa nacho: sasa msichana si mtazamaji tu, naye anatazamwa, anapewa alama na kuandikwa maneno chini ya picha yake.

Kukonda, kunenepa na midomo ya watu

Pwani ya Tanzania ina sababu zake za kuuangalia mwili, na zinavuta pande mbili. Katika desturi za zamani za Wazaramo na jirani zao Wandengereko, mwali aliwekwa ndani, akatunzwa na kulishwa, akatolewa mbele ya watu akiwa amenawiri. Unene wake ulikuwa ushuhuda wa malezi mema ya waliomtunza. Juu ya msingi huo ukaja UKIMWI. Tanzania ilipata wagonjwa wake wa kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, na miaka miwili baadaye madaktari wa Uganda walipouelezea ugonjwa huo kwenye jarida la Lancet waliutaja kwa jina la mtaani lililomaanisha wembamba. Kizazi kizima kilijifunza kuusoma mwili uliopungua kama tangazo la siri. Mpaka leo, mtu akipungua kwa sababu yoyote, majirani huanza kuulizana.

Ndiyo maana hofu ya watu hapa inaweza kumfanya mtu ale zaidi ya anavyohitaji, ili asisemwe. Inaweza kumpeleka kwenye vidonge vya kuongeza hamu ya kula na kunenepesha, ambavyo huuzwa kienyeji katika miji mingi ya Afrika. Kinshasa watafiti wameandika juu ya wanawake wanaotumia deksamethasoni na siproheptadini kwa ajili hiyo, dawa ambazo zilitengenezwa kutibu uvimbe na mzio. Hapa pwani, jirani wa mtu huyo, binti mwenye simu, atajinyima ili awe mwembamba. Ukiwatazama kwa mizani utawaweka kwenye makundi mawili yasiyohusiana. Ukiwauliza wanamwogopa nani, utakuta wamekaa pamoja.

> *Ukiwatazama kwa mizani utawaweka kwenye makundi mawili yasiyohusiana. Ukiwauliza wanamwogopa nani, utakuta wamekaa pamoja.*

Na njaa, je?

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, kwa kuwa ni la haki. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Rufiji ni nchi ya mafuriko na upungufu wa chakula kiasi kwamba Han Bantje wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika ripoti nzima juu ya mambo hayo mawili mwaka 1980. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakulima wa bondeni walihamishiwa kwenye vijiji vya juu ili waokolewe na maji, wakawa mbali na mashamba ya mlau, ambayo mazao yake huota kwa unyevu wa mafuriko yenyewe. Aprili 2024 maji yalijaa tena Rufiji na Kibiti, nyumba na mashamba yakazama, na familia zikahamia kwenye makambi. Mbele ya hayo, kuzungumzia hofu ya kula mbele za watu kunaweza kuonekana kama anasa.

Ingekuwa anasa kama njaa na ulaji uliovurugika vingekuwa vitu viwili vilivyotengana. Sivyo. Kati ya 1944 na 1945 Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula kwa miezi sita vijana 36 wa kiume, wazima wa mwili na akili, waliojitolea ili sayansi ijue namna ya kuwalisha watu waliofilisiwa na vita. Walipoteza takribani robo ya uzito wao. Walianza kuota chakula, kukikata vipande vidogo, kukificha, kujitenga na wenzao na kukasirika bila sababu. Chakula kiliporudi, baadhi yao walikula mpaka wakatapika na bado wakajiona hawajashiba. Njaa peke yake iliwafanya vijana hao wawe na tabia ambazo tungeziita ugonjwa. Mwaka 2017 Carolyn Becker na wenzake, walipowachunguza watu wanaopokea msaada wa chakula San Antonio, Texas, walikuta kwamba kadiri uhaba wa chakula nyumbani ulivyozidi, ndivyo kula kwa pupa na wasiwasi vilivyozidi.

Kwa hiyo mahali penye msimu wa njaa ndipo mahali penye hatari. Mtoto wa delta anayelala na uji mwepesi miezi ya kabla ya mavuno, kisha akala wali mpaka kuvimbiwa mpunga ukiiva, amefundishwa na mazingira mzunguko uleule ambao hofu humfundisha mwenzake. Hofu na uhaba vikikutana kwa mtu mmoja, vinasaidiana. Fikiria kambi ya waathirika wa mafuriko: chakula hugawiwa kwa foleni, huliwa mbele ya wageni, na kila mtu anajua nani amepata kiasi gani. Anayeogopa macho ya watu atakosa hata kile kidogo kilichopo, na hakuna atakayejua kwa nini. Hesabu ya misaada itaonyesha kwamba alipewa.

Haya na hofu

Pingamizi la tatu huja kwa sauti ya wazee, na ndilo ninalolipenda zaidi kwa sababu linalinda kitu chenye thamani. Haya, wanasema, ni pambo la mtu. Binti wa pwani hali njiani, hachoti kwa pupa ukweni, hamtangulii mkubwa kwenye sinia. Kunyamaza na kuvumilia ndiyo malezi yenyewe. Je, tunataka kuyaita maradhi?

Hapana, na sayansi yenyewe inawapa wazee hao nusu ya haki. Mwaka 2011 José Soto na wenzake walilinganisha wanafunzi wa Marekani wenye asili ya Ulaya na wale wa Hong Kong. Kwa Wamarekani, kuficha hisia kuliendana na afya mbaya ya akili. Kwa wanafunzi wa Hong Kong, ambako kujizuia ni sehemu ya heshima, uhusiano huo haukuonekana. Jamii inayofundisha kujizuia humpa mtu pia sababu ya kujizuia, na sababu hiyo hupunguza uzito wa mzigo. Msichana aliye katika siku zake mwezi wa Ramadhani, ambaye hafungi lakini anakula nyuma ya mlango wa jikoni ili asionekane, hana ugonjwa wowote. Anafuata adabu, dada zake wanajua, mama yake anajua, na baada ya siku chache anarudi kwenye futari na wengine.

Tofauti ipo kwenye mlango wa kutokea. Haya ya adabu ina mahali na wakati wake: mtu anajizuia ukweni, kisha anarudi kwao na kula akicheka. Hofu haina mahali pa kupumzikia; inamfuata mpaka kwa mama yake mzazi. Mwenye haya ana angalau mtu mmoja anayeweza kumwambia kilicho moyoni, awe somo wake, bibi yake au shoga yake. Mwenye hofu hana, na ukimya wake haukuchaguliwa. Kibiti na Rufiji, ambazo kati ya 2015 na 2017 zilipita katika mauaji ya viongozi wa vijiji na askari, wakati neno moja kwa mtu asiye sahihi lingeweza kugharimu maisha, zina watu wazima wenye sababu nzuri za kunyamaza. Watoto wao wanajifunza ukimya huo bila kuambiwa sababu. Kutetea adabu kwa kuwaacha hawa na hofu yao hakuwezi kuwa ndilo kusudio la wazee.

Nani aulize, na aulize nini

Dodoso fupi linalotumika sana duniani kutambua ulaji uliovurugika, SCOFF, lilitungwa Uingereza mwaka 1999. Lina maswali matano. Mawili yanahusu kupungua uzito na kujiona mnene, na hakuna hata moja linalouliza juu ya macho ya watu. Kulitafsiri na kulipeleka Ikwiriri lilivyo kungekuwa kupoteza karatasi. Njia bora imekwisha kuonyeshwa hapahapa nchini: Sylvia Kaaya wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na wenzake walichapisha mwaka 2008 dodoso la kutambua sonona lililojengwa kwa maneno ambayo wanawake wa Dar es Salaam wenyewe huyatumia kueleza dhiki zao. Ulaji unahitaji kazi ya namna hiyo. Maswali ya kuanzia si magumu. Kuna watu ambao huwezi kula mbele yao? Hutokea ukala peke yako mpaka ukashindwa kujizuia? Ukiudhika au ukiogopa, chakula kinakuwaje kwako? Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuyauliza bila mizani wala maabara, na mpango wa taifa uliozinduliwa Januari 2024 unakusudia kuwa na wahudumu hao zaidi ya 130,000 ndani ya miaka mitano.

Wapo watakaosema hatuna wataalamu wa kuwapokea watakaogunduliwa. Zimbabwe ilikuwa na upungufu huohuo. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda alianza Harare na akina bibi 14, akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu atatue tatizo moja kwa wakati mmoja, kwenye benchi nje ya kliniki. Jaribio lililochapishwa kwenye jarida la JAMA mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliohudumiwa walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi miezi sita baadaye, na mpango huo umekwishafika Malawi na Zanzibar. Ugumu ninaouona kwa Umwe ni mwingine. Kata ni ndogo, na bibi wa benchi ni jirani. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake wote ni hofu ya midomo ya watu, kukaa kwenye benchi mbele ya zahanati ni kula mbele ya umati kwa namna nyingine. Benchi hilo itabidi liwe ndani, na aliyeketi juu yake awe mtu aliyezoea kutunza siri. Rufiji inao watu hao: makungwi na masomo wa unyago hushika mambo yasiyosemwa nje, na wasichana wanalijua hilo. Ni kweli kwamba unyago ndio pia mahali ambapo mwili wa binti hukaguliwa na kusemwa, kwa hiyo mafunzo yatapaswa kuanza na makungwi wenyewe. Na wavulana wasisahauliwe kwa sababu tu hawana desturi ya kuja kulia kwa mtu. Takwimu za Oman zinatosha kutuonya.

Matibabu yenyewe hayana muujiza. Christopher Fairburn wa Oxford, ambaye mbinu yake ya mazungumzo ndiyo iliyochunguzwa zaidi, humwanzisha mgonjwa kwa jambo la kawaida kabisa: kula kwa saa zinazojulikana, bila kupitisha muda mrefu tumbo likiwa tupu, ili njaa ya usiku ikose nguvu. Kwa kaya isiyo na chakula cha mchana, hatua hiyo ya kwanza ni ya halmashauri kabla haijawa ya mganga, na mlo wa shule unaohesabika kuwa mpango wa lishe unakuwa pia tiba ya akili. Hofu yenyewe hupunguzwa kidogo kidogo. Wiki za mwanzo msichana ale na rafiki mmoja anayemwamini, chini ya mwembe au kwenye darasa tupu. Baadaye wawe watatu, kisha meza nzima. Mwalimu anayejua hivyo hatamlazimisha kusimama kwenye foleni, hatamkemea kwa kuringa, na hatamsamehe chakula moja kwa moja. Atamtengea sahani, na kumpa muda.